Kitambaa Kwanza, Mafuta Baadaye

Hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, msimu wa kuua minyororo ya baiskeli unaanza Oktoba. Mvua za kwanza hazina ubaya. Zinalaza vumbi la kiangazi na kila mtu anashukuru. Taabu inakuja mvua zikishakolea, udongo mwekundu ukateremka kutoka vilimani na kujaa barabarani, ukakutana na mchanga wa ufukweni ambao malori yamekwisha kuusambaza mjini kote. Kuanzia hapo mpaka Mei, ukisimama asubuhi kando ya barabara ya Nyunzu, utasikia baiskeli kabla hujaziona. Zinalia. Mwulize mwenyewe kulikoni, atakwambia ni mvua. Mimi nimekwenda kufundisha kwa baiskeli masika mengi, na sikubaliani naye.

Maji peke yake kosa lake ni dogo. Yanaleta kutu ya juu juu, ile ya rangi ya chungwa unayoikuta alfajiri kwenye mnyororo uliolala umelowa, na kutu hiyo inafutika. Kinachoua mnyororo mara nyingi ni mafuta: mafuta yaliyotiwa mahali pasipofaa, saa isiyofaa, na mtu mwenye nia njema kabisa.

Aliyenifundisha hivyo ni baba yangu mkubwa, ambaye wala hakuwa hodari wa baiskeli. Alikuwa mtu wa reli. Njia ya reli kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika hapa mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville, na tangu wakati huo kuna familia za Kalemie ambazo kila kizazi kimetoa mtu wa karakana. Baba mkubwa alizeeka akipaka grisi vyuma vikubwa kuliko chumba chake cha kulala. Alipostaafu alibaki na baiskeli moja nyeusi, Phoenix, akawa anaitunza kana kwamba kesho asubuhi msimamizi atakuja kuikagua.

Jioni moja ya Machi kijana wa jirani alifika kwake akiwa amelowa chapachapa, baiskeli yake imejaa matope mpaka kwenye tandiko.

“Papa, naomba mafuta kidogo. Sheni inalia sana.”

Baba mkubwa alimpa kipande cha kikwembe cha zamani.

“Papa, niliomba mafuta.”

“Nimesikia. Nani alikwambia mafuta ni sabuni?”

Kijana hakuwa na jibu, na mvua ilikuwa inaendelea, kwa hiyo alikaa barazani akatazama, na mimi nilitazama pamoja naye. Mzee alimwaga kwanza vikombe viwili vya maji safi juu ya mnyororo ili tope laini liondoke. Kisha alikikunja kile kitambaa mara nne, akakishika kuuzunguka mnyororo upande wa chini, na kwa mkono wa kushoto akawa anazungusha pedeli kinyumenyume, polepole, mnyororo ukipita ndani ya ngumi yake. Kitambaa kilitoka cheusi. Akageuza upande. Kikatoka cheusi tena. Aliendelea hivyo mpaka pande zote za kitambaa zikaisha, akadai kingine. Alipoona sasa kinatoka na rangi ya majivu tu, akaiacha baiskeli ikauke, akaomba chai. Mafuta alikuwa hajayagusa.

Chai ilipoisha alitoa bomba la sindano lisilo na sindano, lile la plastiki la zahanati, akavuta mafuta humo. Tone moja, kiungo kimoja, juu ya kile kigurudumu kidogo kilicho katikati ya vibati. Tone jingine, kiungo kingine. Alizunguka mnyororo mzima hivyo, naye kijana akawa anapiga miayo. Halafu akakichukua tena kikwembe na kuanza kuyafuta yale mafuta.

“Papa, sasa unayatoa tena!”

“Natoa ya nje. Ya nje hayana kazi.”

Maneno hayo yanahitaji kuelezwa, maana ndiyo habari yote. Mnyororo wa baiskeli tunaoutumia leo ulibuniwa Manchester mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyehamia Uingereza, na kimsingi haujabadilika. Kila kiungo kina vibati vya pembeni, pini inayopita katikati, bomba fupi linaloizunguka pini hiyo, na kigurudumu kinachozunguka juu ya bomba. Kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Kazi yote ya mafuta iko mahali pawili usipopaona kwa macho: kati ya pini na bomba lake, na kati ya bomba na kigurudumu. Huko ndiko chuma kinakosugua chuma kila mnyororo unapojikunja kwenye meno. Mafuta yanayong'aa juu ya vibati hayasaidii chochote. Kazi yake ni moja tu, kukamata mchanga.

Mafundi wa magari wana dawa ya kusagia valvu. Ni unga mkali wa kukwaruza uliochanganywa ndani ya grisi; unaupaka, unazungusha, chuma kinasagika mpaka kinakaa sawasawa. Mtu anayetia mafuta kwenye mnyororo wenye matope ameitengeneza dawa hiyo bila kulipa chochote. Kwa siku ya kwanza atafurahi, kwa sababu kelele imenyamaza. Ukimya huo ndio unaodanganya. Mafuta yameusukuma mchanga kuingia ndani, na sasa kila mzunguko wa pedeli unakula pini kidogo. Baadaye utasikia watu wanasema mnyororo umevutika. Chuma hakikuvutika, kila pini imeliwa upande mmoja, kila bomba limeliwa upande mmoja, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa mnyororo wote unakuwa mrefu.

Baada ya kuelewa hayo, kilichobadilika kwangu ni saa. Waendesha baiskeli wengi hapa wanashughulikia mnyororo asubuhi, kabla ya kuondoka. Ukipita karibu na soko saa kumi na mbili na nusu utawakuta wamepanga foleni kwa fundi, kila mmoja anataka tone lake aende zake. Asubuhi ni saa mbaya kuliko zote. Matope yamekauka usiku kucha na kushikamana, kutu imeshaingia kazini, na hakuna muda wa mafuta kupenya kabla ya safari. Kazi inatakiwa ifanyike jioni, tope likiwa bado bichi, linatoka kwa vikombe viwili vya maji. Halafu mafuta yana usiku mzima wa kuingia kwenye pini, na alfajiri unafuta yaliyobaki nje. Shida ni kwamba jioni ndiyo saa umechoka, umelowa, umeme umekatika na chakula kinanukia. Sijui dawa ya hilo. Mimi nimeweka msumari ukutani mlangoni, kitambaa kinaning'inia hapo, siwezi kuingia ndani bila kukigusa kwa bega.

Sasa kuna jambo ambalo baba mkubwa hakunifundisha, kwa sababu hakuwa na mke anayeuza samaki. Mke wangu ananunua dagaa na mikebuka ufukweni, wengine anawatia chumvi, na Jumamosi mzigo unapanda kwenye kereta ya baiskeli yangu. Beseni likijaa, maji ya chumvi yanadondoka. Yanadondoka wapi? Juu ya gurudumu la meno la nyuma, kila mara. Nilikuwa naona mnyororo uliofutwa vizuri na kutiwa mafuta vizuri unakuwa mwekundu katikati ya juma, tena hata siku zisizo na mvua. Chumvi inaharakisha kutu, na juu ya hapo inavuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma hakikauki hata baiskeli ikilala ndani ya nyumba. Nilidhani ni tatizo la wauza samaki peke yao, mpaka binamu yangu aliyeko Montréal aliponiandikia.

Yeye anaendesha baiskeli kwenda kazini hata theluji ikiwa chini. Nilimwuliza inawezekanaje, nikitarajia habari za barafu na vidole kufa ganzi. Akaniandikia habari za chumvi. Manispaa huko inamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, ile barafu inakuwa uji wa maji ya chumvi, magurudumu yanaurusha juu, na mnyororo unaoga humo asubuhi na jioni. Akisahau wikiendi moja, viungo vinagoma kujikunja. Dawa yake ni maji: akifika nyumbani anaumwagia mnyororo maji ya vuguvugu, anakausha kwa kitambaa, anatia mafuta, analala. Alikuwa ananieleza kama mtu anayetoa siri ya kigeni, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu barazani.

Maana ni kweli kabisa: chumvi haitoki kwa mafuta. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika tu iendelee na kazi chini kwa chini. Chumvi inatoka kwa maji matamu, na sisi wa Kalemie tumepewa maji matamu ambayo macho hayaoni mwisho wake. Huku kwetu chumvi na ziwa zimejuana zamani. Ya Uvinza, ng'ambo ya Tanzania, ilikuwa inafanyiwa biashara kuzunguka Tanganyika kabla meli yoyote ya mvuke haijaonekana. Kwa hiyo siku za samaki kanuni yangu inageuka: maji mengi kwanza, bila huruma kwa mnyororo, lakini kwa huruma kubwa kwa vitovu vya magurudumu na ekseli ya pedeli, ambako gololi zinakaa ndani ya grisi. Huko simwagi. Nafuta tu kwa kitambaa kibichi.

Kuhusu mafuta yenyewe, ubishi hauishi. Wengi wanatumia vidanji, mafuta yaliyomwagwa kutoka injini za pikipiki, kwa sababu ni ya bure au karibu na bure. Fundi wangu anayatetea. Mimi nasema yana masizi na unga wa chuma ndani yake, na kutia unga wa chuma mahali ambapo unajaribu kuzuia chuma kisisagike ni kazi bure. Yeye anajibu kwamba mnyororo wa vidanji unaishi kuliko mnyororo mkavu, na hapo ana haki. Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanapenya vizuri sana, lakini mvua moja ya Aprili inayaosha yote. Mawese ni ya dharura tu. Ukikwama njiani kuelekea Bendera na mama mmoja akakupa kijiko, pokea, shukuru, halafu ukifika uyatoe, kwa sababu yananata na asubuhi ya baridi yanaganda. Ninayoyapenda kwa masika ni mafuta mapya ya injini, mazito, ya namba 40. Chupa ndogo ya maji ya kunywa ukiijaza inapita msimu mzima, kama kweli unatia tone kwa tone na humwagi.

Binamu aliwahi kunisifia nta: unayeyusha, unautumbukiza mnyororo humo, ikiganda mchanga haushiki. Nilijaribu kwa mishumaa, ambayo katika mji wenye umeme wetu haikosekani nyumbani. Kwa kiangazi ni jambo zuri ajabu. Vumbi linateleza, mikono inabaki safi, suruali inabaki safi. Kwa masika inakwanguka upesi na maji yanapata njia. Yeye mwenyewe alikubali kwamba wakati wa theluji anarudi kwenye mafuta.

Kuna wakati kitambaa hakitoshi, mnyororo umeshashiba tope mpaka ndani. Hapo unatolewa na kuoshwa kwa petroli, yaani mafuta ya taa. Watu wanaona ni anasa kwa sababu wanaitumia mara moja na kuimwaga mtaroni, nayo mitaro yote ya mji huu inajua njia ya kwenda ziwani. Si lazima. Utie petroli kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, tumbukiza mnyororo, funga, tikisa, ukae, utikise tena. Utoe mnyororo, uutundike jua likiwepo mpaka harufu iishe. Ukitia mafuta petroli ikiwa bado iko ndani ya viungo, mafuta yanakuwa mepesi na kukimbia. Ile chupa iache usiku mzima mahali ambapo watoto na moto hawafiki. Kesho yake utaona uchafu wote umekaa chini, tabaka jeusi la unene wa kidole, na juu petroli ni angavu. Mimina ile angavu kwenye chupa nyingine. Mimi narudia hivyo mpaka rangi yake inakuwa ya chai ya rangi.

Ningekuwa mnafiki nikiishia hapo, kana kwamba baiskeli zote za Kalemie ni za walimu wenye jioni yao. Baiskeli nyingi zaidi katika mji huu hazipandwi. Zinasukumwa. Wenye nazo wanatoka na makala, yaani makaa, kutoka porini, magunia matatu au manne yamefungwa juu ya fremu, fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu atembee pembeni na bado aiongoze. Kwenye mlima anasukuma, kwenye mteremko anazuia, na pedeli hazina kazi kabisa. Wengine wameutoa mnyororo. Wanauacha nyumbani umelala ndani ya kopo la mafuta, baiskeli inakwenda bila huo. Kasai pia nasikia wasukumaji wao wanaowaita bayanda wanafanya vivyo hivyo, pedeli na mnyororo vyote vinatolewa. Kwa masika ni akili kubwa. Tope halina cha kuua, na siku ya kwenda kanisani mnyororo unarudishwa ukiwa kama mpya.

Mwaka 2017, vita kati ya Wabatwa na Waluba vilipowasukuma watu kwa maelfu kuja Kalemie, niliona barabara ya Katanika imejaa baiskeli za namna hiyo: godoro, sufuria, mtoto juu ya godoro, baba anasukuma. Sina mdomo wa kumfundisha mtu kama huyo habari za kitambaa. Wala wasukuma makala wa leo. Ninayemsema ni kijana anayepiga pedeli kila siku, ambaye mshahara wake au biashara yake inapita kwenye mnyororo, na ambaye anadhani anaokoa muda.

Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia mitaani mpaka watu wakahama majumbani, tuliendesha ndani ya maji. Hapo mnyororo ndio ulikuwa shida ndogo. Unaufuta, unautia mafuta, basi. Maji yaliingia kwenye gololi, grisi ikageuka rangi ya maziwa, na waliosubiri mpaka magurudumu yaanze kunguruma walinunua ekseli mpya.

Fundi wangu ana kibanda njia ya kwenda stesheni, na fuawe lake ni kipande cha reli cha urefu wa mkono. Ukitaka kukata mnyororo anaulaza juu ya reli, kiungo kikiwa juu ya nati ya zamani, anasimamisha msumari uliosuguliwa ncha ikawa butu na kupiga nyundo mara mbili, tatu, kwa adabu. Pini inatoka kidogo kidogo. Ufundi uko katika kuacha: inabidi isimame ikiwa bado imeshikwa na kibati cha nyuma, kwa sababu ikitoka yote, kuirudisha ni kutukana mpaka adhuhuri. Kwenye mnyororo wa klipu ni rahisi zaidi, mradi klipu irudishwe upande uliofungwa ukitangulia mbele mnyororo unapozunguka, ili kijiti au jiwe likigonga liisukume iingie, lisiichomoe. Mimi natembea na klipu ya akiba ndani ya kisanduku cha kibiriti. Na namwomba fundi aache mnyororo uwe na mchezo wa kama sentimita moja na nusu katikati, juu na chini. Vijana wanapenda ukazwe kama kamba ya ngoma. Tope likiingia kwenye mnyororo uliokazwa hivyo, linavuta kila kitu.

Septemba iliyopita, kabla ya mvua, nilipima kwa rula ya shule. Viungo 20 vya mnyororo mpya ni sentimita 25.4 kutoka pini hadi pini. Vikifika 25.65 umekwisha, kwa sababu urefu huo unaanza kuyachonga meno ya magurudumu yawe ndoano, na mnyororo mpya ukiuweka baadaye juu ya ndoano hizo utaruka. Wangu ulikuwa 25.6.

“Mwalimu, huu utafika Krismasi,” fundi alisema.

“Utafika. Na meno yatafika wapi, yaya?”

Alitazama gurudumu la nyuma, akapitisha ukucha juu ya meno, akaona bado ni manene, akakubali. Nilinunua mpya. Ule wa zamani aliniomba nimwachie. Aliulaza juu ya reli, akaupinda kiungo kwa kiungo, akachagua vilivyokuwa bado vimebana na kuvitumbukiza kwenye kopo la vidanji. Kiungo kilicholiwa kidogo, alinieleza, kinakaa vizuri ndani ya mnyororo uliochakaa kuliko kiungo kipya, kwa sababu urefu wao unalingana. Ni vya wateja wa Novemba, wale ambao wanafika na mnyororo uliokatika na pesa ya kiungo kimoja.